Chekechea

Unga kwanza. Kilo mbili ndani ya beseni la bluu,
na watoto kumi na mmoja wamepanda juu ya viti,
aproni zimewafika vifundoni,
kila mmoja anadai zamu yake ya chekeche.

"Chekecheni taratibu," nasema,
"msitikise kama mnafukuza nyuki."
Wanatikisa kama wanafukuza nyuki.
Tifu!
Ukungu mweupe unapanda mpaka darini,
na unapotua sina watoto tena:
nina mizuka,
yenye kamasi, yenye meno ya maziwa, inayopiga chafya.
Mavazi ya Halowini waliyonunuliwa,
popo wa nailoni, mchawi mwenye pua ya plastiki,
yananing'inia mlangoni
na hayamtishi mtu.

Nje, mvua ya Donegal inakuja kwa ubavu,
haijawahi kujifunza kushuka wima.

Zabibu tulizilaza jana ndani ya chai baridi.
Zimeamka zimenenepa.
Bláthnaid anasema ni macho ya panya;
anakula sita ili ahakikishe.
Mayai nimegawa moja kwa kila meza.
Meza ya dirishani yuko Zuzanna,
ambaye kwao Krakovu, anadai, yai huvunjwa kwa kipaji cha uso.
Basi tunaopoa vipande kwa ganda kubwa,
maana ganda humwita ganda mwenzake
na kidole humfukuza.
Hilo nilifunzwa na mama. Mengine yote nimefunzwa na hawa.

Kisha kukanda.
Wengine wanapiga donge ngumi mbili, wanachoka,
wanauliza kama limeiva.
Lorcan hachoki.
Tangu Agosti, walipomzika babu yake,
Lorcan husema kwa kidole:
kile, pale, hapana.
Leo vidole vyote kumi vimezama kwenye unga
kwa hiyo amenyamaza kabisa,
anasukuma, anakunja, anasukuma,
kama mtu anayetaka kumwamsha aliyelala bila kumshtua.

Bibi zetu walificha vitu ndani ya mkate huu:
kitambaa cha ufukara, kijiti cha ndoa ya ugomvi,
sarafu, pete.
Siku hizi hairuhusiwi chuma kinywani mwa mtu wa miaka minne,
na hairuhusiwi kwa haki.
Tumeficha pete ya tufaha lililokaushwa.
Nimewageuzia mgongo nikiificha.
Wameona wote.

Dakika arobaini za oveni ni karne.
Tunamenya machenza,
tunachomeka jani la mnanaa utosini,
hayo, maboga madogo, safu nzima juu ya sinia.
Cormac anakula la kwake kabla halijapata jina,
halafu analia kwa kuwa hana boga.

Mkate unatoka umevimba upande mmoja.
Nakata vipande, wanatafuna kimya, wanachunguzana.
Pete? Nani ana pete?
Hakuna.
Tunafukua makombo, tunatazama chini ya meza,
mpaka Zuzanna anajilamba mdomo na kusema,
"Ilikuwa tamu."
Mwaka huu hakuna harusi.

Nawaambia, zamani usiku kama huu
watu waliacha kipande dirishani
kwa wale waliotangulia, wakipita na njaa.
Nasema harakaharaka, najuta katikati ya sentensi,
kwani Lorcan ameshashuka kitini.
Amebeba kipande chake kwa mikono miwili,
hajakiuma hata kidogo.
Anakiweka kizingitini mwa dirisha, anakitazama,
anakirudisha kwangu.

"Na siagi," anasema.
Sauti imepata kutu kidogo.
"Huwa anapenda na siagi."

Nikapaka. Nikapaka nene, mpaka kingoni,
na mizuka yote ikasogea kunisimamia,
kila mmoja akionyesha mahali nilipobakiza.

Saa sita mama yake alikuja kumchukua,
akamkung'uta unga nywelini,
akaniuliza kama leo amesumbua.