Saa Arobaini na Tano

Fomu ilikuwa ya kijani, nayo ilitaka mambo machache:
jina, namba ya usajili, sahihi ya kiongozi wa bendi,
na safu ya saa. Saa arobaini na tano, krediti tatu.
Mimi nasomea uhasibu. Nilichagua muziki
kwa sababu Kifaransa kilijaa, na kuogelea kulitaka ada.

Alhamisi ya kwanza, ukumbi wa Kaloleni,
Bi. Khavere alifungua kabati, akanipa klarineti
yenye kitufe kilichoshikiliwa na raba ya kufungia pesa.
"Ya tatu," akasema. Nikadhani ni hesabu, kumbe ni cheo:
sauti ya tatu, kiti cha mwisho,
kando ya ndoo inayokinga paa.

Utete mmoja ni bei ya mandondo na chapati mbili.
Nilifunga mchana huo. Kesho yake nikaupasua kwa meno.

Kulia kwangu alikaa Lusweti, fundi bomba wa Makadara,
kucha zake nyeusi, miwani imefungwa waya.
"Maji na pumzi ni kazi moja," aliniambia.
"Tafuta panapovuja."
Nami nilikuwa navuja kotekote, puani, pembeni mwa mdomo,
nikitoa sauti ya bata aliyekanyagwa.

Nyuma yetu Musyimi, askari jela mstaafu,
aliikumbatia tuba kama amekamata mtoro.
Nyaboke wa filimbi alifika na sare ya wodi;
ukimwuliza habari za kutwa anakujibu kwa idadi:
"Leo tisa. Wawili pacha."
Na Odera wa darasa la saba akapiga ngoma
iliyomficha mzima, ukaona mkono tu na sikio.

Nilichokiweza ni kunyamaza.
Sauti ya tatu hunyamaza sana. Bi. Khavere aliita vyumba:
vyumba thelathini na viwili, vitupu vyote,
nami navipita mmoja-mmoja,
nikihesabu kwa kidole gumba ndani ya kiatu.
Nikamwuliza, kihasibu kabisa,
kama saa za kunyamaza nazo naziandika.
Akapangusa miwani kwa ncha ya leso.
"Hizo," akasema, "ziandike kwanza."

Novemba, tamasha. Viti vya plastiki, jamaa za watu,
moshi wa mahindi kutoka Jogoo Road.
Katika kipande cha nne nilikuwa na noti saba.
Saba tu, peke yangu, baada ya vyumba ishirini na vinne.
Mama alitoka Kitengela na kofia yake ya kanisani
kwa ajili ya hizo saba.

Chumba cha kumi na tisa, mvua ikaangukia mabati.
Ndoo ikaanza: to, to, to,
mbele kidogo ya ngoma ya Odera,
nami nikahesabu ndoo.

Nilipoinua klarineti, noti zangu zilikuwa zinapita,
zote saba, safi, hazina haraka,
zikitokea kulia.
Lusweti hakunitazama. Alipomaliza
alirudi kwenye sauti yake ya pili
kama mtu aliyeziba bomba la jirani
akaenda zake bila kubisha hodi.

Mama alipiga makofi akiwa amesimama.
Hadi leo huwasimulia watu nilivyopuliza.
Sijamsahihisha.

Fomu imepigwa mhuri. Krediti tatu, alama ya B+,
"ameshiriki kikamilifu", kwa wino wa buluu.
Ila leja nimeisoma: kila krediti ina debiti yake,
na upande wa kushoto wa ukurasa wangu
kuna noti saba zisizo na risiti.

Leo ni Alhamisi. Muhula umefungwa, chuo ni kitupu,
hakuna anayenihesabia saa.
Sijala mchana.
Mfukoni nina tete mbili;
mmoja si wangu.