Thamani Tuliyokubaliana

Mwaka juzi barua yao ilisema
Pijo yangu ni pauni mia mbili na themanini,
chini ya bei ya matairi na betri
niliyolinunulia mwezi ule ule.
Mwaka huu, sijabadilisha hata plagi,
gari limeamka klasiki.

Wahenga walisema ya kale dhahabu.
Hawakutaja kutu.

Basi Jumanne akaja mkadiriaji, Bwana Prosser,
shati limenyooka, sumaku mfukoni,
na Coventry inarashia ile mvua yake
isiyojua kunyesha wala kuacha.
Akaipitisha sumaku ubavuni
kama daktari anayesikiliza kifua:
wapi bati ni bati,
wapi ni lipu iliyopakwa rangi.
Ilidondoka mara moja tu, kizingiti cha kulia.
Akaandika. Nikatazama pembeni
kama mzazi ambaye mwanawe
ametoboa siri mbele ya wageni.

Linalala wapi?
Gerejini, nyuma ya nyumba, chini ya shuka
la hospitali (hilo usiandike).
Linatembea maili ngapi kwa mwaka?
Hapo nikacheka.
Miaka kumi na tisa ya zamu za usiku,
alfajiri nakwangua barafu kiooni
kwa kadi ya maktaba, vidole havina habari na mimi,
nani alikuwa anahesabu?
Mita ilihesabu, hadi ikachoka
kwenye laki moja na elfu sitini na nne,
ikanyamaza hapo.

Mkataba unataka elfu tatu, zisizidi.
Gari lililonilelea watoto
sasa lina ruhusa ya kwenda harusini
na kwenye maonyesho ya Jumapili,
nikae mbele yake na kiti cha kukunja
na chupa ya chai, nijibu maswali ya wanaume.

Akafika mlango wa nyuma, kushoto.
"Bonyeo hili likinyooshwa,
naongeza pauni mia nne."

Bonyeo ni la Haitham, na nguzo ya posta,
wiki yake ya kwanza ya usukani.
Aliingia jikoni analia, mtu wa miaka kumi na saba,
ndevu tatu kidevuni: mama, nimeliua.
Siku hizi yuko Calgary. Hupiga simu Ijumaa,
dakika nne, tano akiwa na furaha.

Nikamwambia Bwana Prosser: andika bila hiyo mia nne.

Aliyeniuzia aliitwa Desmond Oakley.
Milango hii minne, alisema, aliifunga yeye
kwa mikono yake, kiwandani Ryton.
"Ufunge," akaniambia, "usikilize."
Tup.
Kama mtu mzima anayefunga mdomo kwa hiari.
Kiwanda kilibomolewa, pamejaa maghala ya vifurushi,
na Desmond nimemzika kwa sala za kwao, nisizozijua.
Ufunge, nikamwambia Bwana Prosser, usikilize.
Akafunga. Tup.
Akasubiri kalamu mkononi, nimwambie ni kitu gani.
Fomu haina kisanduku cha tup.

Tukavutana kama washenga wa mahari:
yeye elfu mbili na mia nne, mimi elfu tatu,
tukaangukia elfu mbili mia saba.
Likiibwa, likiungua, likigongwa na lori,
ndiyo watakayonilipa, hata soko lilie.
Thamani iliyokubaliwa, ndivyo wanavyoiita.
Nikasaini. Nilikubali nini hasa, sijui;
labda kwamba kuna siku nitapewa hundi
na kuambiwa haya, hilo ndilo gari lako.

Jioni maziwa yakaisha.
Duka liko maili mbili, kurudi mbili.
Mita imekufa, kwa hiyo nahesabu mwenyewe,
kwa penseli, nyuma ya bahasha yao.
Nilikwenda kwa njia ya Ryton, nikazunguka maghala yote
madirisha wazi, mvua inaingia.
Niliporudi nikaandika: nne.