Nukta Nyekundu

Kabla sijampelekea Semkiwa gari
nilipenyeza mkono chini ya injini, nikaitia filta
nukta moja ya rangi ya kucha.
Si kwamba nilimshuku. Nasema uongo: nilimshuku.
Gari likarudi na risiti, *filta mpya, elfu kumi na tano*,
muhuri umekaa, sahihi imejipinda kama mkia wa kenge.
Nikalala chali, nikamulika.
Nukta yangu ile pale, imetulia,
inanitazama kama jicho la njiwa.

Sikwenda kugombana. Makorora ni padogo,
na mkewe tunacheza naye upatu.

Leo nimetoka zamu ya usiku Bombo,
nimevua gauni jeupe, nimevaa suruali ya kaka yangu.
Injini bado ina joto la safari, na ndivyo itakiwavyo:
oili ikipoa ni mgeni mvivu, haishi kuaga.
Mawe mawili nyuma ya tairi. Jeki.
Kigogo cha mnazi chini ya chasisi,
maana jeki ni ahadi ya mtu, hulali chini yake hivi hivi.

Hoza, mwanangu, miaka tisa, ndiye mshika tochi.
Anamulika kila kitu ila ninachokitazama.
"Hapa, mama?"
"Shuka."
"Hapa?"
"Hicho ni kidevu changu."

Nati ya sampu ilikazwa na mtu mwenye hasira.
Spana namba kumi na nne, kisha bomba la maji juu ya spana,
kisha bismillahi, kisha neno ambalo Hoza hakulisikia.
Ikalia kwii. Ikaachia.

Ikatoka nyeusi, nyeusi ya masizi ya sufuria la shughuli,
ikapita kiganjani, ikateremka hadi kiwikoni,
ikaishia kwenye karai lililofulia nepi za huyu mwenye tochi.
Kuna kazi ambayo ni kungoja tu:
mchirizi unakuwa uzi, uzi unakuwa tone,
tone linafikiri,
linadondoka.

Filta ilikataa. Nikaizungushia msasa, nikaikaba koo,
ikatoka na nukta yake.
Nikapapasa ilipokuwa imekaa, mpira wa zamani usije ukabaki umeganda.
Ile mpya nikaipaka oili mdomoni kwa ncha ya kidole
kama ninavyowapaka midomo wagonjwa wasioweza kunywa.
Kwa mkono tu. Ikishagusa, robo tatu ya mzunguko.
Wa gereji hukaza mpaka waridhike wao.
Mimi nakaza mpaka itoshe.

Washa mpya ya shaba, shilingi mia tano. Nati. Faneli ya chupa ya maji.
Lita tatu na ushei, rangi ya chai isiyokolea.
Nikawasha. Taa ya oili ikabaki nyekundu
pumzi moja,
mbili,
ikazimika. Nami nikapumua.
Nikazima, nikangoja, nikachomoa kijiti, nikafuta, nikakirudisha, nikachomoa tena:
katikati ya alama mbili.

Mwanakombo wa nyumba ya pili kaja na kopo.
Mchwa wanamla nguzo za banda la kuku, anaitaka ile chafu.
"Yote?"
"Yote. Au ulitaka kuimwaga mtaroni?"
"Nina wazimu? Mtaro huo unakwenda baharini."

Wodini hatuandiki dawa kabla mgonjwa hajaimeza.
Nikakata plasta, nikaibandika ndani ya boneti:
tarehe, kilomita, oili, filta mpya. Nikatia sahihi.
Hoza naye akataka, eti alimulika.
Nikampa kalamu. Kaandika jina lake lote, zeta imegeukia nyuma.

Filta kuukuu ipo juu ya tofali, inachuruzika.
Kesho ni zamu ya mke wa Semkiwa kupokea upatu.
Nitaifunga kwenye gazeti, niitie kikapuni, chini ya pesa.
Kama nitaitoa, sijui.