Ratili Mia na Nane

Walinipima kwenye mizani ya nta
ya ghala la Jivanji, pale forodhani,
na karani Fereira akasoma kwa sauti ya mnada:
ratili mia na nane, pamoja na kanzu.
Wachukuzi wenzangu wakacheka.
Nnunduma alitimiza mia na sitini, akaachwa na misuli yake.
Siku ile, kwa mara ya kwanza Lindi, wembamba ulilipa.

Fundi wa rubani alikuwa hoi kwa homa,
meno yanagongana kama vikombe kapuni.
Palitakiwa mtu wa kushika kamba Mikindani,
aruke majini, aivute ndege pwani
kama mbuzi asiyetaka kwenda sokoni.
Nikasema kamba naijua.
Sikusema kwamba hata ngazi hunitia kizunguzungu.

Nilidhani ndege-ulaya ni chuma.
Niliigonga kwa kidole, ikalia kama kigoma cha watoto:
turubai, waya, mbao, gundi,
na chini yake mitumbwi miwili isiyo na kafi.
Rubani, pua imebabuka kwa jua,
alinipa pamba ya masikio
akanionyesha mahali nisipokanyage:
karibu pote.

Kisha maji yakatupiga.
Kila wimbi liligonga mbao chini yangu
kama mdai mlangoni,
likagonga, likagonga,
halafu mdai akakoma.

Juu ni baridi. Nani angeniambia?
Nilidhani kulikaribia jua ni kuota moto.

Rubani akauzunguka mji mara moja, labda kuniringia,
na Lindi ikalala upande kama sinia la wali linalopitishwa.
Nikaona mkonge wa Kikwetu umechanwa njia kama nywele,
nikaona Lukuledi inavyopinda, mvivu, hadi chumvini.
Nikaona paa la mama.

Masika matatu tumelitafuta tundu lile.
Tone linaanguka kitandani; tunapanda, tunaziba juu ya kitanda;
tone linaanguka kitandani.
Fundi Chipila alikula kuku wetu wawili kwa kazi hiyo.
Mama Somoe akaishia kuweka beseni,
akalipa mgongo akalala.
Husemwa kuvuja kwa pakacha nafuu ya mchukuzi.
Mchukuzi ndiye mimi. Nafuu sikuiona.

Lakini kutoka kule lilikuwa wazi kama pengo la jino:
si juu ya kitanda, wala karibu.
Kule kileleni, upande wa jiko,
kunguru wamenyofoa makuti wakajengee.
Maji yaliingia huko,
yakanyata juu ya boriti nyumba nzima, kama mwizi,
ndipo yaudondokee usingizi wa mama.
“Jikoni!” nikapiga kelele. “Ni jikoni!”
Rubani akadhani naogopa,
akanipigapiga goti.

Kuogopa nikaogopa baadaye, juu ya Sudi,
injini ilipokohoa mara mbili ikanyamaza,
na upepo ukaanza kuimba peke yake kwenye waya.
Tukashuka ghubani kama bata mwenye risasi.
Mpira wa petroli ulikuwa umepasuka.
Rubani akatazama kanzu yangu.
Ikaenda pindo lote, mpaka magotini;
akaufunga mpira kama kidonda, tukaruka tena,
na Mikindani nikashika kamba
mbele ya umati, miguu wazi, kama kijana wa jando.

Safari yangu ilikuwa ya kwenda tu.
Nilirudi kwa miguu, siku tatu,
nikijikumbusha njia nzima: kileleni, upande wa jiko.

Mama hakuuliza habari za mbinguni.
Aliuliza kanzu imekatwa na nani.
Nikapanda paani, nikishikilia kila fito, macho nimefumba,
nikachomeka makuti manne.

Mvua ikaja usiku wa Ijumaa, ya kishindo.
Tulikaa macho, sote wawili, tukilisikiliza beseni.
Halikusema kitu.
Asubuhi nikataka kulitoa.
“Liache,” akasema mama.
“Kunguru hawajahama.”