Sampuli ya Kumi na Saba

Limeletwa asubuhi katika boksi la tende,
limeviringishwa gazeti la juma lililopita.
Wasfi dereva amelipakata njia nzima
kutoka kilimani hadi maabara ya Nasiriya.
Barabara ina mashimo, anasema,
na kulivunja si kazi yake.
Ni yangu.

Kilo nane na robo.
Nalikwangua ubavu kwa kisu, unga unadondoka,
rangi ya chai ya maziwa iliyopoa.
Chini ya hadubini unga ule si unga:
ni Furati iliyofurika mwaka fulani, ikarudi kitandani
ikiacha chokaa, mfinyanzi,
ganda la konokono dogo kuliko nukta,
na makapi, makapi, makapi ya shayiri
yaliyokatwa urefu wa ukucha,
yamelala huku na huku
kama ukili wa mkeka
ambao aliyeusuka hakuwa na haraka.
Naandika: ufa ulianzia hapa,
ukakutana na bua, ukachoka.

Chumvi ipo. Chumvi haikosi.
Hupanda ukutani kama uvumi,
kutoka chini, usiku, bila mwenyewe.

Nampigia mjomba Dakhil, mfyatuzi wa matofali Suq al-Shuyukh.
Mjomba, udongo mnaulaza siku ngapi?
Anacheka mpaka anakohoa.
Mpaka unuke.
Unuke vipi?
Kama zizi la nyati mvua ikinyesha.
Udongo huwahiwa ungali maji, Nadhima,
lakini si ungali mchanga.
Katika jedwali najaza: uchachu, takriban wiki mbili.
Harufu haina safu yake.

Nikaligeuza ili niliweke chini ya shinikizo.
Mgongoni, kisigino.
Kisigino, na vidole vinne;
cha tano kimekatwa na ukingo wa kalibu.
Mtoto alikatiza uwanja wa kuanikia,
udongo ukiwa laini bado, jua likiwa kali,
na mtu, nina hakika, akamfokea,
akasimama kiuno kimeinama, akalitazama lile tofali,
akaliacha.

Daktari Ghufran ametazama juu ya miwani.
Ratiba inasema sampuli ishirini, zote zivunjwe.
Unyayo umekwisha pigwa picha, alisema,
kisha akatoka kwenda kujibu simu
ambayo sikuisikia ikilia.

Nikachukua msumeno.
Nimekata vipande vitatu upande wa pili, mbali na mtoto.
Mashine ikashuka polepole,
mshale ukapanda, ukapanda,
nami nikajikuta nimebana pumzi
kana kwamba ninayekandamizwa ni mimi.
Likatoa mlio mmoja, kama mtu anayevunja kuni chumba cha pili.
Namba si mbaya. Namba si muujiza.
Ukuta wa saruji wa jikoni kwangu una namba kubwa zaidi,
na umepasuka kiangazi cha pili.

Basi lilidumu kwa nini? Fomu inauliza,
na imeacha mstari mmoja wa kujibu.

Nikarudi kwenye uso wake wa nje,
ule uliotazama mvua za kusi na kaskazi ya huko kwao.
Nikakata wembamba wa karatasi, nikauweka mwangani.
Mkandiko juu ya mkandiko juu ya mkandiko.
Nimehesabu kwa ncha ya sindano: arobaini na moja.
Vuli arobaini na moja mtu alichanganya tope na pumba,
akapanda ngazi, akapaka kwa kiganja
kabla wingu la kwanza halijafika.
Wa ishirini na sita ni mnene mno,
kazi ya mwanagenzi au ya mtu mwenye hasira.
Baada ya wa arobaini na moja, vumbi la upepo tu.

Sikujaza ule mstari.

Nusu yenye unyayo nimeirudisha katika gazeti lake.
Jioni mjomba akapiga: mvua Alhamisi, wamesema redioni,
na ukuta wa zizi haujakandikwa.
Nikamuuliza kama pumba zipo.
Zipo, akasema. Njoo na viatu vya kuchafua.