Sahihi ya Mtalaka

Orest amekuja na fomu ndani ya mfuko wa mkate,
mfuko umebanwa kwa kibanio cha nguo,
kibanio changu, cha kijani, nilichokiacha kambani
siku ile niliyoondoka.

Nje, Saskachewani yote imekaza meno:
nyuzi thelathini chini ya sifuri.
Pikapu yake hajaizima; akiizima haiwaki tena.
Inanguruma uani kama mgonjwa asiyetaka kulazwa.
Amekung'uta theluji kwenye buti, mara tatu kila mguu,
nilivyomzoesha,
akasimama juu ya zulia la mlangoni, hasogei.

"Wanataka sahihi yako," anasema.
"Serikali. Eti mtalaka naye aulizwe."

Mbweha wa nyika wamemla ndama wa pili.
Bunduki ya marehemu kaka yake imelala kwa Wasyl,
kabatini, chini ya kufuli,
na bila leseni haruhusiwi hata kuipangusa vumbi.
Darasa amemaliza. Mtihani amefaulu,
tisini na nne kwa mia. Anaitaja alama hiyo
kama mtoto anayesubiri kusifiwa.
Nimemsifu.

Nimevaa miwani, nimesoma kuanzia juu.
Jina. Urefu. Rangi ya macho: ameandika kahawia.
Miaka kumi na tisa nimelala kando ya macho hayo.
Yana ukijani pembeni, kama maji ya bwawa mwezi Juni,
lakini fomu haina nafasi ya bwawa.

Kisha maswali, na visanduku viwili viwili.
Je, umewahi kumtishia mtu? Hapana.
Ni kweli. Ngumi yake moja niliyoishuhudia
iliishia kwenye mlango wa friji,
na aliyelia ni yeye.
Je, umeachana na mwenzi wako? Ndiyo,
wino umekolezwa mara mbili.
Je, umewahi kuelemewa na huzuni, ukafikiria kujidhuru?

Hapana.

Alama ya vema ndogo, nyembamba,
ya mtu aliyeondoa mkono haraka kwenye jiko la moto.

"Orest," nimesema. Nikanyamaza.
Anatazama birika.
Sote wawili tumerudi ghalani, Novemba ile,
wiki moja baada ya kumzika Zenon,
saa tisa za usiku, mimi na koti juu ya nguo ya kulalia,
yeye juu ya ndoo iliyopinduliwa, kamba mapajani,
na ng'ombe wote wamegeuza vichwa kumtazama.
"Naitengeneza," alisema.
Kamba haikuwa imekatika.
Asubuhi niliichoma pamoja na takataka,
na hatukuitaja tena, hata mbele ya hakimu
tulipokuwa tukigawana sufuria.

Mbweha wapo, sikatai. Nawasikia hata huku mjini.
Lakini kikulacho ki nguoni mwako,
na nguo zake nimezifua mimi.

"Usiposaini watakupigia simu," anasema.
"Ni utaratibu tu."
Mtu wa ofisini atauliza kama namwogopa.
Nitamwambia nini? Simwogopi.
Fomu haiulizi kama namwogopea.

Amenipa kalamu yake, imetoka mfuko wa nje wa koti.
Nimeijaribu kwenye bahasha ya bili ya umeme:
duara, duara, duara.
Karatasi inakwaruzika, haitoki rangi.

"Wino umeganda," nasema.
"Utayeyuka."
"Basi vua buti. Zima gari, uje ukae."
"Nikizima haitawaka mpaka kesho."
"Najua."

Hajibu. Theluji ya buti inageuka maji kwenye zulia.
Pikapu inakohoa, inaendelea.
Kisha mkono wake unapanda, polepole,
unaitafuta zipu ya koti.

Kwenye droo, nyuma ya kiuno changu,
zimo kalamu tano.
Zote zinaandika.