Mfa Maji Nchi Kavu

Saa nne asubuhi redio ikamvua cheo.
Jana alikuwa tufani, ana jina, ana picha,
ana jicho linalotazamwa na nchi nzima kwenye simu;
leo ni mabaki tu,
kitu kilichopanda kutoka Mahut kikiburura miguu mchangani.

Sinaw ikashusha pumzi.
Mudrik akaondoa mifuko ya mchanga mlangoni pa duka lake la matairi,
akaipanga ukutani taratibu, kama mtu anayekunja mkeka wa matanga.
Wenye mbuzi wakarudi sokoni.
Mimi nikatoa nguo za siku tatu, zimeshaanza kuvunda.

Ndipo simu ya Salha.
Mdogo wangu yuko Maskati, zamu ya usiku iliyogoma kuisha,
chumba kisicho na dirisha ambamo kuta zote ni mawingu.
Hakunisalimu.
"Umeanika?"
Nimeanika.
"Anua."
Nikamwambia, redio imesema ameishiwa nguvu.
Akacheka kicheko cha mtu asiyelala:
"Ameishiwa chini, dada. Juu bado anakimbia."

Akanieleza kwa kamba, ndiyo shule yetu ya kwanza,
Mama aliyetoka Wete na usumba ndani ya sanduku la nguo:
ncha moja ishike, itulie,
ya pili ipeleke mbio,
kilicho katikati hakina hiari, kitajisokota.
"Ardhi imemkamata miguu. Kichwa hakijapata habari.
Na mkono wake wa kulia uko juu yenu."

Sikuona cha kuogopa.
Anga rangi ya sufuria, kijua kidogo upande wa Adam.
Nikaanua kwa uvivu, shati, shati, foronya,
mpaka mbuzi sokoni waliponyamaza
wote
mara moja.

Kusini, chini ya wingu, kidole.
Chembamba. Ningeweza kukifunika kwa kibanio cha nguo.
"Kisulisuli," nikasema, neno la utotoni,
la vumbi lile linalozungusha majani uani
na kuwapandisha watoto kelele.
Hakikuwa hicho.

Dakika nne, Salha aliniambia baadaye. Labda tatu.
Kilivuka barabara bila kutazama kushoto wala kulia,
kikanyofoa tangi la maji juu ya paa la jirani
kikaliweka uwanja wa shule, wima,
kama mgeni anayesubiri kukaribishwa.
Mtende mmoja kikaupita. Wa pili kikauacha nyuzi.
Kwa Mudrik kikakuta matairi,
na matairi yakaondoka yenyewe, yanabingirika kuelekea Mudhaibi,
kama yaliyokumbuka kazi yao.
Rafikul, kijana wa Sylhet anayeyaziba pancha,
alikuwa amejibana nyuma ya ile mifuko iliyopangwa ukutani.
Alitoka mweupe kwa vumbi, anauliza kiatu chake kimoja.

Mfa maji haachi kutapatapa, tunasema.
Hatusemi inakuwaje akifia nchi kavu,
kilomita karibu mia mbili kutoka baharini,
na watu wameshamzika redioni.

Mvua yenyewe ilijaza kikombe cha kahawa, kile kidogo.
Nilipoteza foronya mbili na kanzu ya Yaarub ya Ijumaa.
Kanzu ilionekana kwenye nyaya za umeme, mikono imetanda,
na kwa muda hakuna aliyetaka kuisogelea.

Jioni mtangazaji akasema hali imerejea kawaida.
Mudrik alikuwa anairudisha mifuko mlangoni,
mmoja mmoja, hasemi na mtu.
Nikampigia Salha. Akapokea kabla ya mlio wa pili.
"Nianike?"
Nikasikia vidole vyake juu ya kibodi, muda mrefu.
"Anika ndani," akasema.